Majibu ya Kipande cha Nyama: Tujifunze Kuisoma Karatasi ya Saratani ya Titi



Mama akishakatwa kipande cha nyama kwenye uvimbe wa titi, hukaa akingojea majibu. Majibu yakirudi hupewa karatasi moja au mbili zilizoandikwa kwa Kiingereza cha kitabibu, zenye herufi na namba nyingi. Daktari humweleza, lakini neno saratani likishatajwa, masikio huziba. Akifika nyumbani, iwe ni Matai, Laela au Namanyere, jamaa humwuliza, "Wamesemaje?" Naye hujibu kwa neno moja tu, "Kansa." Karatasi inakunjwa na kuwekwa sandukuni chini ya vitenge.

Sisi wauguzi tunaona mambo matatu yakitokea baada ya hapo. Wengine huichukua karatasi ile kuwa hukumu ya kifo, wakaanza kuaga na kugawa mali. Wengine huzunguka kwa waganga wa kienyeji miezi kadhaa, wakarudi hospitali uvimbe umekwisha kupasuka. Wengine hufunga safari ndefu ya matibabu, lakini karatasi imebaki sandukuni, au haikukamilika, hivyo inawabidi kuanza vipimo upya. Wote hao wamepoteza kitu kimoja kisichonunulika, yaani muda.

Mwezi huu tujifunze pamoja kuisoma karatasi hiyo. Jambo kubwa la kushika ni hili: karatasi haisemi mgonjwa ataishi muda gani. Inasema ugonjwa wake ni wa namna gani, na dawa zipi zinaweza kuupiga. Kwa hiyo ni karatasi ya kutembea nayo, si ya kuficha.

1. KARATASI HII INATOKA WAPI?

Daktari hawezi kujua kwa kugusa tu kwamba uvimbe ni saratani. Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Ili kuwa na hakika, lazima kipande cha nyama kipimwe. Kuna njia tatu za kukipata:

(a) Sindano nyembamba. Hii huvuta chembe chache tu. Inaweza kuonyesha kwamba kuna saratani, lakini mara nyingi haitoshi kwa vipimo vingine tutakavyovieleza.

(b) Sindano nene. Hii hutoa vipande vidogo vyembamba vya nyama baada ya kuchomwa dawa ya ganzi. Ndiyo njia nzuri zaidi ya kuanza nayo.

(c) Upasuaji. Uvimbe wote, au titi lote, huondolewa na kupelekwa maabara.

Nyama iliyotolewa hutiwa mara moja kwenye chupa yenye dawa iitwayo formalini, ambayo huizuia isioze. Dawa hiyo yapasa iwe nyingi, kama mara kumi ya ukubwa wa nyama yenyewe. Nyama iliyowekwa katika maji ya kawaida huharibika, na hakuna mtaalamu atakayeweza kuisoma. Kwa hiyo ndugu akipewa chupa aipeleke maabara, asiifungue, asiongeze maji, asibadilishe chombo, wala asikae nayo nyumbani kungoja gari la wiki ijayo. Nyama ikikaa mno ndani ya formalini, zaidi ya siku tatu, baadhi ya vipimo huweza kutoa majibu yasiyo ya kweli.

Maabara nyama hugandishwa ndani ya nta, ikakatwa vipande vyembamba kuliko unywele, ikatiwa rangi na kuwekwa juu ya kioo. Ndipo daktari wa patholojia, yaani mtaalamu wa kusoma magonjwa katika nyama, huitazama kwa darubini na kuandika aliyoyaona.

Hapa kuna jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Kile kipande cha nta chenye nyama hakitupwi. Hutunzwa maabara na kupewa namba. Kikihitajika kipimo kingine baadaye, mara nyingi kinaweza kufanywa juu ya kipande kilekile bila kumkata mgonjwa tena. Ndiyo maana namba ya maabara iliyoandikwa juu ya karatasi ni mali. Iandike pia kwenye daftari la nyumbani.

Wapo wanaosema, "Kansa ikiguswa na kisu inaamka." Si kweli. Saratani ilikuwa inakua hata kabla ya sindano. Kinachoonekana kama "kuamka" ni ugonjwa ulioachwa bila matibabu baada ya kupimwa.

2. MFANO WA KARATASI

Tuchukue mfano tulioutunga kwa ajili ya somo hili. Ni wa mama wa miaka 48 aliyeondolewa titi. Tumeuweka kwa Kiswahili:

Namba ya maabara: 1234
Kilicholetwa: titi la kulia pamoja na tezi za kwapani, ndani ya formalini
Kwa macho: uvimbe mgumu, sentimita 3.2 × 2.8 × 2.5
Kwa darubini: saratani vamizi iliyoanzia kwenye mirija ya maziwa
Gredi: 2 (alama 3 + 2 + 2 = 7)
Ndani ya mishipa midogo: haikuonekana
Kingo: safi, ukingo wa karibu ni milimita 6
Tezi: 2 kati ya 14 zina saratani
ER: chanya, asilimia 80
PR: chanya, asilimia 40
HER2: 1+ (hasi)
Muhtasari: pT2 pN1

Mtu akiitazama kwa mara ya kwanza anaona msitu tu. Lakini kila mstari unajibu swali moja. Tuupitie mmoja mmoja.

3. MSTARI KWA MSTARI

Jina, umri na upande. Anza hapa kabla ya yote. Je, jina ni lako? Je, ni titi la kulia au la kushoto? Majina yanafanana sana kwetu. Ukiona kosa, rudi siku hiyohiyo ukaombe lirekebishwe.

Vamizi au isiyovamia. Mlinganisho wake ni moto. Moto ukiwa bado ndani ya mafiga, unauzima bila shida. Ukirukia nyasi za paa, ni jambo jingine. Saratani isiyovamia bado imo ndani ya mirija ya maziwa, haijatoka. Saratani vamizi imetoboa ukuta wa mirija na inaweza kusafiri. Zote zatibiwa, lakini si kwa namna moja.

Aina. Nyingi huanzia katika mirija inayopitisha maziwa. Nyingine huanzia katika vitezi vinavyotengeneza maziwa. Jina la aina husaidia daktari. Kwa mgonjwa si jambo la kumnyima usingizi.

Gredi. Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Mtu akisoma "gredi 3" hulia akidhani yuko steji ya tatu. Sivyo hata kidogo. Kila mkulima wa Ufipa anajua kwamba yako magugu ya namna mbalimbali. Liko gugu linalokua polepole, na liko linalotapakaa usiku mmoja. Gredi ni tabia ya gugu. Steji ni sehemu ya shamba iliyokwisha kuvamiwa. Gugu kali laweza kuwa bado kwenye tuta moja tu, na gugu pole laweza kuwa limekwisha kujaa shamba zima.

Mtaalamu hutazama mambo matatu: kama chembe bado zinajipanga kama vimirija, kama viini vyake vimebadilika sana, na kama zinagawanyika kwa haraka. Kila jambo hupewa alama 1 hadi 3, kisha alama hujumlishwa. Jumla ya 3 hadi 5 ni gredi 1, yaani saratani inayokua taratibu. Jumla ya 6 au 7 ni gredi 2. Jumla ya 8 au 9 ni gredi 3, yaani inayokua haraka. Mama wa mfano wetu ana 7, kwa hiyo ni gredi 2. Gredi 3 si sababu ya kukata tamaa, kwa kuwa dawa za dripu mara nyingi hupiga vizuri chembe zinazogawanyika haraka. Lakini ni sababu ya kutopoteza hata wiki moja.

Ukubwa. Hupimwa kwa sentimita au milimita. Uvimbe usiozidi sentimita 2 huandikwa T1. Uliozidi 2 lakini usiozidi 5 ni T2. Uliozidi 5 ni T3. Ukiwa umeingia kwenye ngozi na kuifanya kidonda, au umeshika ukuta wa kifua, ni T4 hata kama ni mdogo. Herufi ndogo p iliyo mbele maana yake ni kwamba kipimo kimetoka maabara, si kwa kukisia.

Mishipa midogo. Chembe za saratani zikionekana ndani ya mishipa ya damu au ya majimaji ya mwili, ni dalili kwamba zilianza kutafuta njia. Daktari huzingatia jambo hili anapopanga dawa.

Kingo. Mama anapomenya kiazi chenye sehemu iliyooza, hakati palipooza tu. Hukata na kidogo cha sehemu nzima ili awe na hakika. Daktari wa upasuaji hufanya hivyohivyo. Maabara hutazama pembezoni mwa nyama iliyotolewa. Kingo zikiwa safi, maana yake saratani haikufika mwisho wa palipokatwa. Zikiwa na saratani, pengine patahitajika upasuaji wa pili au mionzi. Hilo si alama ya kwamba daktari hakujua kazi. Chembe hazionekani kwa macho.

Tezi za kwapani. Tezi hizi ni machujio ya mwili. Ndizo zikivimba kwa kidonda cha mkono huitwa mitoki. Saratani ya titi ikianza kusafiri, mara nyingi hukwama kwanza hapo. "2 kati ya 14" maana yake tezi 14 zilipatikana, mbili zikawa na saratani na 12 zikawa salama. Tezi 1 hadi 3 zikiwa na saratani, kwa kawaida huandikwa N1. Tezi 4 hadi 9 ni N2. Tezi 10 au zaidi ni N3. N0 ni hakuna.

4. HERUFI TATU ZENYE THAMANI KUBWA: ER, PR NA HER2

Ukisahau mengine yote, usisahau sehemu hii, maana ndiyo inayochagua dawa.

Mwaka 1896 daktari mmoja Mskoti, George Beatson wa Glasgow, alieleza jinsi alivyowaondolea ovari wanawake waliokuwa na saratani ya titi iliyokwisha kuenea, na uvimbe wa baadhi yao ukapungua. Siku hizo hakuna aliyejua sababu. Baadaye ikafahamika kwamba ovari hutoa homoni, na kwamba baadhi ya saratani za titi hulishwa na homoni hizo.

Chembe za saratani za namna hiyo zina vipokezi, tuseme matundu ya kufuli. Homoni ni ufunguo. Ufunguo ukiingia, saratani hukua. ER ni kipokezi cha homoni ya estrojeni, na PR ni cha projesteroni. Kikiwapo, karatasi husema chanya. Kisipokuwapo, husema hasi. Hata asilimia 1 ya chembe zikiwa na kipokezi, kipimo huhesabiwa kuwa chanya, lakini asilimia ikiwa kubwa dawa hufanya kazi vizuri zaidi.

Tafadhali tuelewane vizuri juu ya neno hili chanya, au kama watu wanavyosema, "pozitivu". Wako waliosikia "pozitivu" wakadhani wameambiwa wana virusi vya UKIMWI, na nyumba ikaingia ugomvi. Karatasi hii haihusiani na UKIMWI. ER chanya ni habari yenye faida, kwa sababu kuna dawa ya vidonge inayoziba tundu la kufuli. Dawa hiyo huitwa tamoksifeni. Kwa kawaida humezwa kila siku kwa miaka 5, na wengine huendelea hadi 10. Mama huimeza akiwa nyumbani kwake, akilima na kulea watoto wake. Asiache kwa sababu anajiona mzima, wala asiimeze akiwa mjamzito. Kwa akina mama waliokwisha koma hedhi zipo pia dawa nyingine za namna hiyo.

HER2 ni kipokezi cha namna nyingine. Si cha homoni, bali huzihimiza chembe zikue haraka. Majibu yake huandikwa kwa namba:

0 au 1+ : hasi
2+ : haijulikani bado, lazima kifanyike kipimo cha pili
3+ : chanya

Wenye HER2 chanya wana dawa yao maalumu, trastuzumabu, inayopigana na kipokezi hicho. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Ni dawa ya gharama, kwa hiyo uliza mapema kama inapatikana na kwa utaratibu gani. Ukiona 2+, usiondoke bila kuuliza, "Kipimo cha pili kitafanyika wapi?"

Na kama ER, PR na HER2 zote ni hasi? Hapo vidonge vya homoni havitasaidia, wala trastuzumabu. Silaha kubwa ni dawa za dripu, pamoja na upasuaji na mara nyingi mionzi. Aina hii huonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika kuliko kwa Wazungu, tena mara nyingi kwa wenye umri mdogo. Huwa kali, na hurudi mapema ikiachwa. Mwenye karatasi ya namna hii asingoje mavuno ndipo aende.

Sasa unaona kwa nini dawa ya jirani haifai. Akina mama wawili wa kigango kimoja, wote wana saratani ya titi, lakini mmoja ana ER chanya na mwingine hasi. Vidonge vinavyomsaidia wa kwanza havitamfaa wa pili. Kugawana dawa hapa si huruma, ni kupotezeana muda.

5. MAMBO AMBAYO KARATASI HAISEMI

Haisemi steji kamili. Karatasi inaonyesha T na N. Herufi ya tatu, M, huuliza kama saratani imefika mbali, kwenye mapafu, ini au mifupa. Hiyo hutafutwa kwa picha ya kifua, kipimo cha tumbo cha mawimbi ya sauti, na vinginevyo. T, N na M zikikutana ndipo steji hujulikana, kuanzia ya 1 hadi ya 4. Mama wa mfano wetu, akiwa na T2 na N1 na kama haikuenea mbali, yuko steji ya 2. Ugonjwa huu kwa steji hiyo hutibiwa kwa nia ya kupona.

Haisemi miezi ya kuishi. Hakuna mstari wenye habari hiyo. Anayekuambia "umebakiza miezi sita" kwa kuitazama karatasi hii tu, hajaisoma.

Haisemi nani kasababisha. Hakuna darubini inayoonyesha jirani, mke mwenza wala shangazi. Tusivunje ukoo kwa ajili ya ugonjwa. Tena saratani haiambukizi. Kula naye sahani moja, na mtoto alale naye.

Haisemi kama ni ya urithi. Lakini kama mama, dada au shangazi aliwahi kuugua saratani ya titi au ya ovari, hasa akiwa kijana, mwambie daktari. Na akina baba wasijidanganye, saratani ya titi huwapata wanaume pia, ingawa ni wachache.

Kumbuka vilevile kwamba karatasi ya sindano na karatasi ya upasuaji si sawa. Ya sindano haiwezi kuwa na kingo wala hesabu kamili ya tezi, kwa kuwa titi bado halijaondolewa. Usidhani umefichwa kitu. Lakini ER, PR na HER2 vinaweza na vinafaa kupimwa kwenye kipande cha sindano nene. Hii ni muhimu kwa wenye uvimbe mkubwa, maana wengi wao huanza na dawa ili uvimbe upungue kabla ya upasuaji.

6. KABLA YA KUFUNGA SAFARI

Mgonjwa wa Rukwa hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kutoka Sumbawanga kupitia Laela na Tunduma. Anayehitaji mionzi anaweza kupelekwa mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road. Hospitali hiyo ya pwani ilifunguliwa mwaka 1897 wakati wa Wajerumani, na tangu mwaka 1996 ni taasisi inayojitegemea ya saratani. Wengine hutibiwa Bugando, Mwanza. Anayetoka Mtowisa bondeni au Kirando ziwani ana safari nyingine kabla ya kufika Sumbawanga mjini, na masika njia huwa mbaya.

Kwa hiyo, kabla ya familia kuuza ng'ombe au magunia ya mahindi kwa ajili ya nauli, hakikisheni mambo haya:

(a) Karatasi halisi iko mkononi, na nakala mbili zimetolewa. Moja ibaki nyumbani kwa mtu mwaminifu. Anayeweza aipige picha kwa simu.

(b) Namba ya maabara na jina la maabara vinasomeka.

(c) ER, PR na HER2 vimeandikwa. Kama havipo, ulizeni, "Je, vimepimwa? Kama bado, kile kipande cha nta kiko wapi, na nani atakiombea kipimo?" Pengine kitatumwa kabla ya mgonjwa kusafiri, ili akifika majibu yawe tayari.

(d) Barua ya rufaa ipo, pamoja na picha na vipimo vya damu vilivyokwisha kufanyika.

(e) Mmeuliza habari za gharama. Mwenye bima aulize inalipia nini. Asiye na uwezo aonane na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuondoka, si baada ya kukwama.

(f) Mmeuliza siku za kliniki. Kufika Ijumaa jioni kwenye mji usio na ndugu ni mateso.

Na kwa daktari ulizeni maswali manne, mkiandika majibu: Je, ni vamizi? Je, vipokezi vikoje? Je, imefika kwenye tezi au mbali zaidi? Je, matibabu yataanza na nini, na lini? Msione haya kuuliza mara mbili. Mkishindwa Kiingereza, mwombeni muuguzi awaandikie Kiswahili pembeni. Hiyo ni sehemu ya kazi yetu.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa saratani ya titi wenye shabaha kwamba tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza hadi ugonjwa kutambuliwa, zisipite siku 60. Siku 60 ni pungufu ya muda ambao maharage hukomaa shambani. Tunajua kwetu njia ni ndefu na fedha ni chache. Lakini siku zinazopotea sandukuni, kwa mganga na katika vikao visivyokwisha, hizo tunaweza kuziokoa wenyewe.

7. NENO KWA FAMILIA

Akina baba, mkeo akirudi na karatasi hii, ikae mezani, isiwe siri yake peke yake. Nenda naye kliniki. Masikio manne husikia kuliko mawili, tena yeye ana hofu. Titi likiondolewa, yeye ni mke yuleyule na mama yuleyule.

Wana na mabinti mliosoma, wasomeeni mama zenu karatasi, lakini msiwe madaktari. Kazi yenu ni kusoma, kuandika maswali na kutunza namba.

Jumuiya nazo zina nafasi. Wengi huomba rambirambi ichangwe haraka, lakini nauli ya kwenda kutibiwa hukosa mchangaji. Ni vema tuanze kuchanga mapema, mgonjwa angali na nguvu ya kupanda basi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Gredi na steji vinatofautianaje?
2. Mama ameambiwa "ER pozitivu". Jirani anasema ni UKIMWI. Utamjibu nini?
3. HER2 ikiwa 2+, hatua inayofuata ni ipi?
4. Karatasi imepotea. Ni kitu gani kingesaidia kuipata tena?
5. Katika kigango chetu, nani anaweza kumsindikiza mgonjwa hadi Mbeya?

Mwenye karatasi ambayo hakuielewa asikae nayo. Aje nayo hospitali iliyo karibu, ama kwetu ama ya serikali, amwombe muuguzi au daktari akae naye na kuisoma mstari kwa mstari. Aje na mtu wa kumsaidia kusikiliza, na daftari la kuandikia.